Miguu Miwili ya Kulia

Wiki ile kondoo wangu kumi na mmoja walizaa bila kuniuliza. Huyu wa kumi na mbili ndiye aliyeamua kunitia adabu. Tunamwita Kiburi, na jina analistahili. Nusu ya zizi ni watoto na wajukuu zake. Tangu asubuhi alikuwa akilala, akiinuka, akisukuma, na hadi saa sita mchana kilichotoka ni kwato mbili tu.

Nami nilikuwa na plasta mkono wa kulia, tangu vidoleni hadi kiwikoni, baada ya kuteleza na kuvunjika mlangoni mwa zizi hilohilo. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga; wangeniuliza mimi, wangeongeza kwamba hauzalishi kondoo pia. Nilizishika zile kwato kwa mkono wa kushoto, nikavuta. Hazikuja. Nikavuta tena, Kiburi akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani. Daktari wa mifugo alisema kwenye simu kwamba angefika alasiri. Kiburi hakuwa na uhai wa kufika alasiri.

Nyumbani alikuwepo mke wa mwanangu peke yake, fundi cherehani. Alikuwa na miezi mitatu tangu aolewe, na miezi yote hiyo nilimwambia vidole vyake ni vya kushikizia vifungo, havifai kazi ya watu. Mwenyewe niliita utani. Nikampigia kelele aje. Alikuja na utepe wa kupimia shingoni, vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni, akasimama mlangoni kama mgeni.

Nilimwelekeza aoshe mikono, ajipake mafuta ya kula hadi kiwikoni, aingize mkono taratibu atafute kichwa. Hakubisha. Alipiga magoti kwenye majani makavu, akafumba macho, akaingiza mkono. Nikamhimiza avute. Hakuvuta. Aliufuata mguu mmoja kwa vidole hadi ndani kabisa, akarudi, akaufuata wa pili.

"Mama, usinikasirikie," akasema. "Hii miguu yote miwili ni ya kulia."

Nikamwambia nimezalisha kondoo miaka thelathini.

"Najua, Mama. Lakini nimeifuata mpaka mabegani. Hata shati huwezi kulishonea mikono miwili ya kulia. Humu wamo wawili."

Walikuwa pacha wanagombea mlango mmoja, kila mmoja ametanguliza mguu, nami nilikuwa nikiwavuta wote kwa pamoja. Ningevuta mara ya tatu, ningemuua mama yao.

Tulimrudisha mmoja nyuma, mimi kwa mdomo, yeye kwa vidole. Akautafuta mguu wa kushoto wa mwenzake, akaunyoosha, akakipata kichwa. Wa kwanza alitoka akipiga chafya. Wa pili alitoka amelegea kama nguo iliyotoka kufuliwa. Tulimsugua kwa majani, mkwe wangu akampuliza puani bila kuambiwa na mtu, mara akakohoa. Kiburi akageuka, akaanza kuwalamba.

Namshukuru Mungu, na sioni haya kusema kwamba nililia. Mkwe wangu naye alikuwa analia, ila kilio chake hakikufanana na changu. Nikamwuliza kuna nini tena, na wote wamepona.

"Nilikuwa naogopa, Mama."

Nikamwambia mara ya kwanza kila mtu huogopa, na kondoo haumi.

"Sikuwa namwogopa kondoo," akasema.

Nilisogeza ndoo, nikaushika mkono wake uliojaa damu, nikaanza kuuosha kwa huo wangu mmoja, kidole kimoja kimoja. Nilimwambia asante. Nilimwambia pia anisamehe, na neno hilo lilinitoka kwa shida kuliko wale pacha. Nilipomaliza, alinipa na mkono wa pili.