Sungura wa Ornella

Jolie Uwamahirwe alikuwa akikaza kamba za viatu wakati kocha Bonaventure alipoinama kumnong'oneza agizo la Direkta wa kituo cha riadha. Katika mbio hizi za mchujo angekuwa sungura: aongoze kwa kasi, kisha atoke kiwanjani mwisho wa mzunguko wa tatu, ili Ornella, mpwa wa Direkta, afuate mwendo huo na kupata muda unaotakiwa. Nafasi ya kwenda kushindana Kinshasa ilikuwa moja.

"Minye naweza kumaliza, Kochi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Weye uko na kitanda hapa. Ukitaka kukichunga, toka."

Kitanda hicho ndicho kilichomshusha kutoka milima ya Mulenge. Serikali iliwaahidi wanariadha bora wa kituo hicho nyama, maziwa na daktari. Tangu bei zilipopanda Uvira, walikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, mara moja kwa siku, na gari la Direkta likabadilishwa kwa jipya. Kona ya chini ya kiwanja ilikuwa imemezwa na ziwa. Waliipita maji yakiwafika vifundoni.

Filimbi ikalia. Jolie akatangulia, maji ya kona yakimrukia usoni. Nyuma yake pumzi za Ornella zilisikika, zikakwama, zikapotea. Mzunguko wa tatu ulipokwisha, Bonaventure alikuwa ukingoni, akimwonyesha kwa mkono mahali pa kutokea. Jolie alimtazama, akapita. Direkta alimwita kwa jina kutoka jukwaani. Hakugeuka.

Jolie alipokata mstari wa mwisho, kocha alibonyeza saa kwa mazoea tu. Akaisoma, na kwa kitambo akausahau woga wake: muda uliotakiwa ulikuwa umepatikana, na ziada. Ornella alikuwa bado anajikokota majini.

Direkta aliteremka, akaichukua saa mkononi mwa kocha.

"Andika Ornella," alisema.

"Direkta, ule wakati ni ya huyu mutoto."

"Sungura hatumuandikake."

Bonaventure akaandika. Kisha, macho chini, akamwambia Jolie akakusanye vitu vyake.

Jolie hakwenda bwenini. Alimwendea Ornella, aliyekuwa amefika na kuinama, mikono magotini, akamsubiri mpaka akainua uso.

"Kule Kinshasa," alimuuliza, "nani atakimbia ku nafasi yako?"

Ornella aligeuka kumtafuta mjomba wake. Direkta alikuwa amekwisha kuingia garini.