Kupanda Tulwet na Kushuka

"Mama Wakoli, kwani hapa Munyaka barabara zimeisha?"

Jirani yangu Musimbi aliniuliza hivyo Jumamosi moja akianika nguo, aliponiona nimevaa raba na kufunga kitambaa. Nilimwambia hazijaisha. Akangoja niendelee, nikamuaga nikashika njia.

Tangu Maurice, baba Wakoli, azikwe, miaka minne sasa, kila Jumamosi napanda gari mjini Eldoret hadi kituo cha Plateau. Nashuka karibu na hospitali ya misheni, natembea saa moja na kitu hadi kilima ambacho wenyewe wanakiita Tulwet. Niliuliza maana ya jina, nikaambiwa ni kilima. Napanda. Nikifika juu nakaa kwa jiwe, nakula kiazi kitamu, nashuka, narudi kupiga pasi nguo za kanisa. Habari yenyewe ni hiyo tu.

Ningesema naenda kuomba, watu wangeridhika. Mchungaji wetu alijaribu kunisaidia kwa njia hiyo, akatangaza mbele ya kanisa zima kwamba kuna dada hupanda mlima kwa ajili ya maombi. Baada ya ibada nilimwendea nikamwambia, Mchungaji, mimi siombi huko. Naomba nyumbani, asubuhi saa kumi na moja na usiku kabla ya kulala. Kule natembea. Akasema Bwana anajua. Nikasema ndiyo, anajua siombi huko.

Upande huu wa nchi, mtu akipita mbio hakuna anayemuuliza kitu, wanajua anatafuta medali. Akibeba mtungi, au jembe, au mtoto mgonjwa, pia haulizwi. Lakini mama wa miaka hamsini na nane anayetembea polepole mikono mitupu, akiangalia mashamba ya watu upande huu na upande huu, huyo kwao ana maana moja. Anatafuta ploti.

Mimi sikujua. Niliona nasalimiwa vizuri nikadhani watu wa huko wana adabu.

Aliyenisalimu vizuri kuwashinda wote ni Kipkirui, mwanamume wa miaka arobaini hivi, koti la ngozi hata jua likiwaka. Mwaka huu, Jumamosi ya kwanza tuliyokutana, alinisindikiza hadi josho la ng'ombe akinieleza udongo wa hapo. Ya pili akanieleza maji, na stima, na barabara ambayo ingewekwa lami. Nikafikiri huyu ni mtu anayependa kwao. Jumamosi ya tatu alinionyesha jiwe la mpaka, akanionyesha lingine mbali chini ya miti, halafu akaniuliza kama nitakuja na sorveya wangu ama nitatumia wake.

Hapo ndipo nilielewa. Nilifungua mdomo nimwambie, lakini yeye alikuwa ameshaendelea. Akasema shamba lilikuwa la marehemu ndugu yake, na mjane wake, Jerop, ndiye anakaa kwenye ile nyumba ya mabati mekundu. Huyo mama nilimjua. Siku moja ya jua kali alinipa maji kwa kikombe, akasimama hapo mpaka nikamaliza.

Nilimuuliza Kipkirui kama mwenyewe amekubali.

"Huyo tutamwambia mwisho, Mama," akasema. "Mwanamke ukimwambia mapema analia tu."

Nilimwambia mimi sinunui kitu. Alicheka, akasema watu wa mjini wote huanza hivyo ili bei ishuke.

Nilirudi nyumbani na hilo neno, kwamba mjane ataambiwa mwisho. Wiki nzima nililiombea, na wiki nzima halikutoka. Mimi pia Maurice alipokufa kuna mambo niliambiwa mwisho.

Jumamosi iliyofuata nilikuta njia imezibwa na miiba mahali inapopita karibu na kwa Jerop. Mwenyewe alikuwa ndani ya ua na jembe mkononi. Nikamsalimia, hakuitika. Nikasalimia tena.

"Leo umekuja kupima nini?" akasema. "Ama umekuja kuniambia watoto wangu wahame lini?"

Nilimwambia sijawahi kupima kitu, natembea tu hadi juu na kurudi. Akaniangalia viatu, akaniangalia uso. Akasema mtu halipi nauli kutoka Eldoret aje kupanda kilima bure, hata mtoto mdogo hawezi kuamini hiyo. Kisha hasira ikamwishia, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akanieleza yote. Wazee wa ukoo walikuwa wanakutana asubuhi hiyo kwa Mzee Kipkoech, baba mdogo wa marehemu mume wake. Kipkirui alikuwa amewaambia kwamba Jerop mwenyewe ndiye anauza, na mnunuzi amemleta yeye. Jerop hakuitwa, eti ameshakubali, hana haja ya kusumbuliwa. Wazee wakiweka sahihi, jambo lingepelekwa kwa ofisi ya ardhi na yeye angebaki na watoto watatu na nyumba isiyo na mahali pa kusimama.

"Na ushahidi wao ni wewe," akasema. "Wameona ukinywa maji hapa kwangu. Kama una Mungu, nenda uwaambie unanunua ama hununui."

Nilimwambia twende wote.

Kwa Mzee Kipkoech tulikuta wazee wanne, mwenyewe akiwemo, na chai. Kipkirui aliponiona mlangoni alisimama akanivutia kiti, akasema huyu ndiye. Halafu akamwona Jerop nyuma yangu, akaketi kwenye hicho kiti mwenyewe.

Mzee Kipkoech ni mzee mwembamba ambaye hasemi haraka. Aliniuliza kama nimekuja kununua shamba la Jerop. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nilikunywa maji kwake. Nikasema ndiyo, nilikuwa na kiu. Akauliza kama nina ndugu hapa. Sina. Kama natibiwa kwa hospitali ya misheni. Hapana. Mzee mwingine akauliza kama mimi ni mwalimu wa wakimbiaji. Nikasema pia hapana. Wakanywa chai, kisha Mzee Kipkoech akaniuliza tena.

"Sasa huwa unakuja kufanya nini?"

"Natembea, Mzee. Napanda Tulwet, nashuka."

Niliwaambia pia maneno ya Kipkirui kama alivyoyasema, kwamba mjane ataambiwa mwisho. Kipkirui hakukasirika. Alinihurumia. Akawaambia wazee wajiulize wenyewe, mama mzima anapanda gari mjini, analipa, anatembea kwa miguu, anapanda mlima usio na duka wala kanisa wala ng'ombe wake, halafu anarudi mikono mitupu, miaka minne.

"Nani hapa amewahi kuona mtu kama huyo?" akasema. "Anaogopa kusema bei mbele ya watu, ndiyo maana anadanganya. Na kama anadanganya hiyo, amedanganya yote."

Niliona wazee wanamsikia. Hata mimi nilikuwa namsikia. Jerop aliangalia sakafu.

Mzee Kipkoech aliweka kikombe chini, akaomba viatu vyake vya gambuti.

"Wacha atuonyeshe," akasema.

Tukaenda wote saba. Kipkirui alisema si lazima, Mzee atachoka, na Mzee akamjibu basi atachoka. Nilitembea mwendo wangu wa kila Jumamosi, sikuongeza wala kupunguza. Kwa Jerop tulisimama akaondoa miiba mwenyewe. Mzee mmoja alitaka kujua kama huwa nasimama hapa nikiangalia. Nikasema huwa nasimama kufunga kamba za kiatu, nikasimama nikafunga. Waliniangalia nikifunga. Kwenye mwinuko pumzi ziliwaishia, na maneno yakaisha pia. Huyo mzee wa wakimbiaji aliniomba tupumzike, nikamwambia huwa sipumziki hapo, ni pale mbele. Tukapumzika pale mbele.

Juu nilienda kwa jiwe langu nikakaa. Nikatoa kiazi kwa mfuko, nikaanza kula. Wao walisimama mduara kama watu wanaongoja ng'ombe azae. Nilimaliza nusu.

"Halafu?" Mzee Kipkoech akauliza.

"Halafu nashuka."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, Mzee."

Aligeuka akaangalia. Siku hiyo hewa ilikuwa safi, mashamba yalionekana hadi mbali kabisa, mahindi ya watu, reli, moshi wa jikoni mbili tatu. Akasema alizaliwa hapo chini na mara ya mwisho kupanda huku alikuwa akitafuta ndama. Ndama hakupatikana, naye hakurudi tena. Mzee mwingine akakaa kwenye nyasi. Mwingine akakaa. Nikawagawia kilichobaki cha kiazi. Walikaa muda mrefu kuliko ninavyokaa mimi, hadi nikaanza kufikiria gari la kurudi.

"Ni kweli," Mzee Kipkoech akasema mwishowe. "Hapa hakuna kitu."

Kisha akanyoosha fimbo yake chini, kwenye shamba lililo nyuma ya nyumba ya mabati mekundu. Akauliza ile mistari ni nini. Kutoka njiani huwezi kuiona, nyumba inaziba. Lakini kutoka juu unaona wazi miche, mistari minne iliyonyooka, kila mche umezungushiwa vijiti mbuzi wasiule.

"Ni avokado," nikasema. "Ilipandwa wiki tatu zilizopita. Wiki iliyotangulia yalikuwa mashimo tu."

Mzee akamuuliza Jerop avokado yake itazaa lini. Jerop akasema aliambiwa miaka mitatu, akimwagilia.

"Miaka mitatu," Mzee akasema. Hakumwangalia Jerop tena. Alimwangalia Kipkirui. "Sasa mimi nataka siku. Shemeji yako alikuambia anauza siku gani, na mlikuwa mmekaa wapi?"

Kipkirui akasema labda alipanda ili bei iende juu.

"Sikuulizi bei. Nakuuliza siku. Bila siku, hatuweki sahihi."

Upepo ulikuwa unampigapiga Kipkirui koti. Aliangalia wazee mmoja mmoja, akamwangalia Jerop, ambaye hakuinamisha macho. Mwisho akaniangalia mimi, kwa muda, kama mtu anayengoja nitaje bei hata sasa. Akafunga zipu ya koti hadi shingoni, akageuka, akashika njia ya kushuka.