Sarjabai Amwimba Budha Barabarani

Yeye na watu wa kitongoji chake waliporudi kutoka Nagpur mwezi ule wa Oktoba, walikoapa uwanjani kuacha miungu ya zamani na kuingia dini ya Budha, wamevaa nguo nyeupe zilizojaa vumbi la garimoshi, Sarjabai aliwatoa miungu ya nyumba kwenye kishubaka chao, akawafunga kwenye kitambaa na kwenda kuwaachia mtoni. Hakulia. Mwanawe Namdev alijitolea kumsindikiza, naye akamwambia abaki. Aliyewapa uji miaka thelathini ni yeye, na wa kuwaaga ni yeye.

Kilichomliza kilikuja kesho yake alfajiri. Aliketi kwenye jiwe la kusagia, akamwaga mtama, akashika mpini, akafungua kinywa kama alivyofungua kila siku tangu aolewe. Hapakutoka kitu. Nyimbo zote alizozijua zilikuwa za wale aliowaacha mtoni.

Na Sarjabai hakuwa mwimbaji wa hivi hivi. Katika kitongoji chote cha Wamahar, watu wa tabaka la chini kabisa pale Pimpalwadi, na hata ng'ambo ya barabara kwa watu wa tabaka la juu, ilijulikana kwamba mjane huyu akisaga, mwenye usingizi huamka akasikiliza. Mama yake Patil, mkuu wa kijiji, alikuwa akimwita aje asage nafaka ya harusi. Sarjabai alisagia nje, nyuma ya ukuta, kwa sababu Mmahar hakuruhusiwa kukanyaga ua ule. Sauti yake iliruhusiwa kuingia.

Basi alisaga kimya siku nane. Siku ya tisa mkwewe Kausalya, mke wa Namdev, aliyekuwa amesoma hadi darasa la nne, alikuja na kijitabu alichonunua pale uwanjani Nagpur, akaketi upande wa pili wa jiwe. Kilikuwa cha maisha ya Budha. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, na mama mkwe akasikiliza huku mkono ukizunguka.

Alisikia habari za Siddhartha, kama Budha alivyoitwa utotoni, aliyezaliwa bustanini mama yake akiwa safarini, akalelewa katika nyumba ya kifalme asionyeshwe hata jani lililonyauka. Siku moja akatoka na gari lake, akamwona mzee, akamwona mgonjwa, akaiona maiti inapelekwa kuchomwa, halafu akamwona mtu aliyeacha yote na uso wake umetulia. Akaondoka usiku, akawaacha mkewe Yashodhara na mtoto mchanga wamelala.

Hapo Sarjabai alisimamisha jiwe.

"Hakumwamsha?"

"Hakumwamsha, mama. Aliogopa akimwamsha hataweza kuondoka."

"Huyo sitamwimba. Mimi niliachwa na mume kwa kifo, na hata yeye aliniaga."

Kausalya alicheka, akasema tumalize kwanza, mtu hahukumiwi katikati ya safari. Wakaendelea siku baada ya siku: miaka sita ya kujitesa msituni mpaka mbavu zikahesabika, msichana aliyempa wali wa maziwa akala akapata nguvu, mti alioketi chini yake akaapa hanyanyuki mpaka aelewe kwa nini watu wanateseka. Akaelewa. Na angeweza kukaa na ujuzi wake pale pale, lakini alinyanyuka, akatembea miaka arobaini na mitano akiwafundisha watu kwamba tamaa ndiyo mzizi wa mateso, na kwamba mtu hupimwa kwa matendo yake, si kwa tumbo lililomzaa.

"Rudia hapo pa tumbo," alisema Sarjabai.

Kausalya akarudia. Siku ile ile, unga ukiwa umefika nusu, beti la kwanza lilimtoka. Halikuwa la kuzaliwa kwa Budha wala la mti. Lilikuwa la siku Budha aliporudi katika mji wa baba yake, akapita na bakuli akiomba chakula mlango kwa mlango, na mfalme akatoka mbio kwa aibu kumwambia kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuomba:

*Mwana wa mfalme, viatu kavua,*
*mlango kwa mlango, bakuli katwaa,*
*jina la ukoo hakulililia.*

Mabeti yakafuatana. Yashodhara alipata yake kumi na mawili, na humo Sarjabai alimgombeza Budha kama mama anavyomgombeza mwana aliyechelewa kurudi. Kufikia joto la Mei, wanawake wa kitongoji walikuwa wanaleta mtama wao ili wasage naye.

Mwezi mpevu wa Vaishakh, mwezi wa joto katika kalenda yao, ulipokaribia, siku ya kuzaliwa kwake Budha, wanaume walikubaliana kufanya sherehe yao ya kwanza. Picha yake ingewekwa kwenye gari la maksai na kupitishwa barabara kuu, mchana, mbele ya watu wote. Mwimbaji wa mjini mwenye kinanda alialikwa.

Siku mbili kabla, maksai mkubwa wa Patil Daulatrao alikufa mbele ya lango lake. Tangu enzi na enzi kazi ya kukokota mizoga ilikuwa ya Wamahar. Mjumbe alikuja, akawaambia waje na kamba. Namdev alimjibu kwa adabu kwamba kazi hiyo wameiacha. Mjumbe akarudi na neno la pili: mzoga usipoondoka, picha yao haitapita barabarani.

Mzoga haukuondoka. Joto lilikuwa la kupasua mawe, na siku ya sherehe hata kunguru walikuwa wameshiba. Mwimbaji wa mjini alishuka kwenye basi, akaambiwa na watu wa kibanda cha kituoni kwamba leo kutapigwa watu, akapanda basi lile lile likigeuza.

Wanaume walikaa kwenye kivuli cha nyumba ya Namdev wakabishana. Wengine walitaka picha izungushwe humu humu kitongojini. Budha ni yule yule, hana haja ya barabara. Sarjabai alitoka ndani amevaa sari nyeupe.

"Nitaimba mimi," alisema.

Namdev aliinamisha macho. Akamwambia taratibu kwamba zile ni nyimbo za jiweni, za wanawake, na watu watacheka.

"Wacheke. Budha aliomba chakula mbele ya watu waliomjua akiwa mtoto wa mfalme, wewe unaona haya mama yako akiimba?"

Kausalya alikwenda kuwafunga maksai kwenye gari.

Walitoka watu kama sitini, na gari lenye picha na maua ya manjano, na Sarjabai mbele. Barabarani aliimba bustani, aliimba mzee na mgonjwa na maiti. Mwanzoni sauti ilitetemeka, kwa kuwa mikono haikuwa na mpini wa kushika. Akaishika kamba ya gari, ikatulia.

Kwenye lango la Patil walikuwapo vijana wanane na fimbo, wamekaa kando ya mzoga uliovimba. Walikuwa wamejifunga ncha za vilemba puani, na kila aliyetaka kutukana ilimbidi afunue pua kwanza. Wawili walijaribu. Hawakurudia.

Daulatrao mwenyewe alisimama kizingitini.

"Sarjabai," alisema, "tangu lini unaimba barabarani?"

"Tangu nipate cha kuimba, Patil."

"Kwa mama yangu uliimba vizuri ukiwa nyuma ya ukuta."

"Na leo asikie vizuri zaidi. Ukuta haupo."

Vijana walimtazama Patil wakingoja ishara. Sarjabai hakungoja. Alisimamisha gari pale pale, akaimba habari za mfagiaji aliyezaliwa chini ya watu wote, na jinsi Budha alivyomfuata:

*Sunita mfagia njia ukutani kajibana,*
*kaziba uso kwa ndoo, jua kali la mchana;*
*Budha kavuka kwake, kamwita, "Njoo, bwana."*

Wanawake wa kitongoji waliitikia. Ndani ya ua, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, wanawake wa nyumba ya Patil walikuwa wamesimama wamejifunika vichwa, mama yake mzee katikati yao, na hakuna aliyekwenda kuufunga. Daulatrao aliwaona. Akageuka, akaingia ndani. Vijana, wasiopewa ishara, walikaa. Gari likapita, na Namdev, aliyetembea nyuma ya gurudumu, alisikika akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kesho yake wana wa Patil waliukokota mzoga wenyewe, kwa kamba mpya. Kijiji kililipiza: msimu ule hakuna Mmahar aliyepewa kibarua shambani, na familia nyingi zilikwenda kuponda mawe ya barabara ya serikali, Sarjabai akiwemo. Alirudi jioni mikono imechanika. Kausalya alimpaka mafuta, kisha akafungua daftari, maana mama mkwe alikuwa ameamua mabeti yote yaandikwe, hata yale ya kumgombeza Budha, ambayo Namdev alishauri yaachwe.

Vaishakh ya mwaka uliofuata vijiji vitano vilituma watu kumwomba. Alikubali vyote, akavipanga kwa siku tano, na kila kijiji alikipa sharti moja: wapitie barabara kuu, mchana.