Springi ya Kulia

Sifichi, mume wa mdogo wangu nilimwonea wivu tangu siku aliyoingia gereji ya baba na ovaroli yenye mistari ya pasi. Nani anapiga pasi ovaroli? Mimi nimelala chini ya magari tangu nimalize shule, mkononi nina kovu la ekzosi, na baba akiniita ananiita "wewe." Yeye hata mwaka hajamaliza, keshakuwa "mwanangu." Mwanangu, njoo usikilize injini hii. Mwanangu! Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji nikaugua.

Basi magoti ya baba yakagoma. Asubuhi moja akaketi juu ya tairi bovu pale uani, akatuambia yeye anapumzika, gereji anamwachia mmoja wetu. Akanyoosha kidole kwenye gari lake, ambalo kila likiingia shimoni mbele lilikuwa linadunda mpaka meno yanagongana.

"Shokapu na springi za mbele zimekwisha," alisema. "Wewe shika upande wa kushoto, mwanangu ashike wa kulia. Vifaa viko stoo. Mkimaliza nitaliendesha mwenyewe, nitajua nani wa kumwachia."

Atajua! Kwani siku zote hizi alikuwa hajui? Nilitaka kulia kwa hasira, nikachukua spana.

Nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikatoa tairi. Bolti za chini zilikuwa zimeshikwa na kutu, nikazipa mafuta na kichapo kidogo cha nyundo mpaka zikasalimu amri. Nati za juu, zile za ndani ya boneti, nilizifungua kwa mkono mmoja huku wa pili umeishika shokapu isinidondokee. Kisha springi. Springi haina utani: ukifungua nati yake ya katikati kabla hujaibana, itakurukia usoni. Niliibana kwa vibano viwili, huku kidogo na huku kidogo, mpaka ikalegea yenyewe kwenye vikalio vyake, nikaitoa, nikaweka mpya.

Upande wa pili shemeji alikuwa anaimba. Ati anaimba! Nikachungulia.

Springi yake mpya alikuwa ameiegemeza kwenye ndoo. Waya wake ulikuwa mnene kuliko wa yangu. Nikaijua hapo hapo: ile ni ya gari la mizigo. Inaingia bila shida, lakini ni ngumu na inainua gari. Springi za mbele ni kama viatu, lazima ziwe jozi. Yeye asingeweza kuligundua jambo hilo, bado mchanga wa kazi. Mimi niliona nikiwa nimechuchumaa kule kwangu.

Ningesema tu, shemeji, hiyo siyo. Ningepungukiwa nini? Nikajitia hamnazo, nikaendelea kukaza nati zangu. Acha aumbuke mbele ya huyo baba yake.

"Dada, umemaliza?" akaniuliza.

"Zamani."

"Aa, dada bwana, wewe ni mashine!" Alisema kwa furaha ya kweli, na hiyo nayo ikaniudhi.

Tairi zikarudi, gari likashuka. Baba hakuhitaji hata kuliwasha. Lilikuwa limelalia upande wangu kama mtu aliyebeba ndoo ya maji mkono mmoja. Mwenye duka la rangi, jirani yetu, alicheka mpaka akashika ukuta. Shemeji alipiga magoti, akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akashika kichwa.

"Kosa langu, baba. Nimechukua springi isiyo yake. Ningemuuliza dada."

Nilishaanza kutabasamu. Baba akanigeukia.

"Na wewe hukuiona?"

Loh! Nikisema sikuiona, basi miaka yote hiyo chini ya magari nilikuwa nasinzia tu. Nikisema niliiona, je? Baba alikuwa ananikazia macho. Kiburi kikanitangulia kujibu.

"Niliiona. Hata kabla hajaifunga."

"Najua uliiona," alisema taratibu. "Sijapata kumwona fundi mwenye jicho kama lako."

Maisha yangu yote nilikuwa nangoja maneno hayo, na sasa nilitaka ardhi inimeze.

"Ungeniacha niingie nalo barabarani?"

Kusema kweli hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

"Huyu hajui," baba alisema, "lakini atafundishika. Wewe, mama, nikufundishe nini?" Akajiinua kwenye lile tairi kwa shida, akamshika shemeji bega. "Gereji ni yako, mwanangu. Kila kitu muulize dada yako."

Akaondoka akichechemea. Shemeji alibaki anafuta mikono aliyokwisha kuifuta, hataki kuniangalia usoni.

"Dada," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Nichukue ipi?"

Nikaenda stoo kumletea.