Mihuri Mitatu ya Tangamano

Katika nchi ya Tangamano, waraka wa serikali haukuwa na nguvu mpaka upigwe mihuri mitatu: wa chama cha Nasaba, wa chama cha Kauli na wa chama cha Busara. Wazee walioasisi muungano huo walikusudia asipatikane mtu wa kuamua peke yake, na kwa miaka mingi mihuri ilikaa juu ya meza moja kama ndugu wa tumbo moja. Kisha, siku ya karamu ya taifa, viongozi watatu wakagombea kiti cha mkono wa kulia. Bwana Majivuno wa Nasaba alikikalia. Bwana Inadi wa Kauli akakivuta. Bwana Tashwishi wa Busara akataka iundwe kamati ya kukichunguza. Kabla wali haujapoa muungano ulikuwa umevunjika, na kila mmoja alishika njia yake na muhuri wake kwapani. Tangu hapo nchi ikawa na mabaraza matatu na mitaa yenye majina matatu matatu, na ndugu wa vyama mbalimbali wakaacha hata kuzikana.

Dhiki hiyo ilimwelemea Bi Shauku. Mumewe, Balozi Amini, alipelekwa nchi ya Ughaibu kwa mwaka mmoja, naye aliapa kutorejea ila kwa waraka wa mihuri mitatu. Sasa ulikuwa mwaka wa saba. Bi Shauku aliandikisha waraka wa kumwita, akauchukua mwenyewe mlango kwa mlango.

"Nitapiga, binti yangu," alisema Bwana Majivuno, "lakini atanguliaye kupiga huonekana mtumishi wa wanaofuata. Waanze wao."

"Majivuno amekataa kuanza?" aliuliza Bwana Inadi. "Basi nami sianzi!"

Bwana Tashwishi alimkaribisha kahawa, akausoma waraka mara nne, akasema kwa upole, "Bibi, jambo hili lina pande nyingi. Njoo baada ya masika."

Masika yalipita mara mbili. Asubuhi moja Bi Shauku alichovya kidole gumba katika hina, akakigandamiza chini ya waraka, akaandika: "Nchi haina tena ulimi wa kukuita. Nakuita mimi." Akampa mfanyabiashara aendaye Ughaibu.

Amini akaja. Alikamatwa mpakani, akafikishwa mbele ya Kadhi Insafu kwa kosa la kuvunja kiapo, ambalo adhabu yake ilikuwa kufukuzwa nchini maisha.

"Uliapa?" aliuliza Kadhi.

"Niliapa, Mheshimiwa, kutorejea ila kwa wito wa nchi yangu. Miaka yote hiyo niliutegea sikio. Ulipokuja, ulikuja kwa mkono wa mke wangu, nami sikuwa na nchi nyingine ya kuitikia."

Kadhi aliomba hati ya mashtaka. Haikuwa na muhuri hata mmoja. Viongozi watatu wakaitwa, wakasimama mbele ya meza wakiambiana, "Anza wewe," "Sianzi mimi," mpaka ikaadhiniwa alasiri. Mwanzoni watu walicheka. Kisha mzee mmoja akaangua kilio: dada yake alikaa ng'ambo ya pili ya mtaa, na hajamwona tangu karamu ile.

"Nchi isiyoweza kumwita mwanawe," alisema Kadhi, "haiwezi kumshtaki kwa kuja. Nenda nyumbani."

Watu walitoka bila kuwaaga viongozi wao, na wengi hawakuelekea makwao. Walikwenda kubisha milango waliyoisusa.

Bi Shauku, aliyekuwapo barazani, alipofika nyumbani na mumewe, alimwambia, "Ngoja hapa nje." Akaingia peke yake, akafunga mlango, maana alitamani kubishiwa hodi na sauti ile.

"Hodi," alisema Amini.

Bi Shauku alifungua kinywa, sauti haikutoka.

"Hodi."

Nje, Amini alijua kwamba muungwana hubisha mara tatu, asipojibiwa huondoka.

"Hodi, mke wangu."

Neno "Karibu" halikusikika, lakini mlango ulifunguliwa.