Fungu la Kumi na Mbili

Madame Séraphine alikuwa mtu wa kushuku, tena kushuku hasa. Muuza maziwa akimchekea, anayaonja mara mbili. Padri akimsifu, anauliza kuna mchango gani. "Kikulacho ki nguoni mwako," ndiyo salamu aliyowapa kila asubuhi wanafunzi wake wa Kiingereza, darasa la mwisho, pale mtaa wa Kasha.

Sasa, wanafunzi hamsini na nne, riwaya moja! Angefanyaje? Alichukua wembe akaikata mafungu kumi na mawili, kila fungu akalishona uzi na kulipa nambari. Mwanafunzi analipeleka fungu nyumbani, analisoma, analirudisha, Madame anatia alama kwenye daftari, kisha msomaji anawasimulia wenzake. Ilikuwa hadithi ya kale ya Waingereza: mjane tajiri anapotewa na kijiko cha fedha, anamfukuza mtumishi wake kwa wizi. Darasa zima lilingoja kujua kijiko kilikwenda wapi. Jibu lilikuwa katika fungu la kumi na mbili, na fungu hilo halikuonekana.

Daftari lilisema Nsimire. Kuchukua: alama. Kurudisha: patupu.

"Madame, nilirudishaka," Nsimire alisema. "Ile siku ya mvua, ku mulango ya église. Ililowa kidogo, nikaomba pardon, mukaitia mu sac."

"Eti mlangoni pa kanisa, ndani ya mkoba wangu, siku ya mvua! Hapa Bukavu siku gani haina mvua?"

Darasa likacheka. Nsimire hakucheka. Mama yake aliuza karanga langoni, na karanga za langoni hufungwa kwa karatasi. Umeona akili ya Madame ilikokwenda? Akampeleka binti kwa préfet, mkuu wa shule: asikanyage darasani mpaka fungu lirudi. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tano tu.

Tangu hapo Madame akawa mla karanga. Asubuhi kifuko kimoja, mchana viwili. Alijibanza nyuma ya choo cha walimu, akamimina karanga mfukoni na kukunjua karatasi: hesabu za mtu, tangazo la maombi, picha ya mgombea aliyeshindwa uchaguzi. Siku ya nne akaona Kiingereza! Alifurahi, tusimfichie, alifurahi kweli. Akainyoosha karatasi pajani. Ilikuwa jaribio la mwaka jana, mwandiko wa Nsimire, na kwa kalamu ya bic nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe Madame: kumi na nane juu ya ishirini.

Akarudi langoni. "Maman, karatasi hizi munatoaka wapi?"

"Ni za mutoto, Madame. Alisema tutumie tu, masomo imeisha." Mama hakuinua macho, aliendelea kukunja. "Tangu bamuite mwizi, hata ku maji haendi. Anasema batu banamuangalia mikono."

Yalimchoma Madame, maneno hayo. Lakini kushuku ni ugonjwa mkaidi. "Wanajua kulia, hawa," alijiambia akipanda mlima kurudi kwake.

Jumamosi, yeye na dada yake Marie-Louise, aliyeishi naye nyumba moja, walitaka kutoa godoro kulianika, kwa kuwa kunguni walikuwa wamezidi. Walipoliinua, pale juu ya mbao za kitanda, kando ya diploma ya Madame, palikuwa na kurasa zilizoshonwa uzi, kavu, bapa, zimenyooshwa na mgongo wake mwenyewe.

"Mungu wangu!"

"Si ni zile zilizolowa?" Marie-Louise alisema. "Ulitoka misa na malaria yako, dawa ya kinini inakulilia mu masikio, ukasema tuziweke hapo zinyooke. Mimi ndiye nilikuinulia godoro."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Madame akatoka nazo uani, akaketi chini kwenye majani. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Jiko la makaa lilikuwa linawaka palepale, na kurasa zikiingia humo, nani angejua? Alilitazama kwa muda mrefu.

Jumatatu alimfuata Nsimire nyumbani, akamleta darasani, akampa fungu. "Soma."

Nsimire alisoma, kisha akasimulia: mjane alikiona kijiko katika kisanduku chake cha kushonea, akakitupa kisimani, akanyamaza mpaka kufa.

Bulonza, wa benchi ya nyuma, akainua kidole. "Madame, na hii fungu yetu? Ilionekana wapi?"

"Chini ya godoro langu," Madame alisema. "Nsimire alilirudisha. Mimi nilimwita mwizi, na nilisema uongo bila kujua. Nsimire, unisamehe, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Nsimire alikuja mbele, akaweka fungu mezani, akalifungua daftari penye jina lake na kusogeza bic.

"Mutie alama, Madame," alisema. "Sasa hivi, nikiona."

Madame akatia alama. Nsimire aliinama akaitazama vizuri, ndipo akaenda kukaa.