Pengo la Gitaa

Nyumbani kwa kina Vargas, mtaa wa San Pablo hapo Sevilla, televisheni ilikuwa na miezi minne imefunikwa shuka jeusi. Redio ilifungiwa kabatini, gitaa la Frasco likasukumwa chini ya kitanda. Wagitano, watu wa kabila lao huko Hispania, wakifiwa hawagusi muziki, na aliyekufa hatajwi jina, wala sauti yake haisikilizwi. Frasco hakuona taabu. Tangu wamzike mdogo wake hakuna kitu alichokiona taabu. Alikula dengu alipopakuliwa, alilala alipoambiwa, na chozi hakuwa ametoa hata moja. Majirani walimsifu kuwa ana moyo mgumu, na majirani husifu wasichokijua.

Ijumaa asubuhi akaja Quino, mpiga ngoma wa bendi yao. Hakuwa Mgitano, na nywele zake zilimfika mabegani. Bendi hiyo ilichanganya nyimbo za mababu na roki ya kinanda cha umeme, wimbo mmoja dakika ishirini, ikawaudhi wazee wa pande zote mbili.

Quino alieleza akiwa bado mlangoni. Studio ilibaki na utepe mmoja: sauti ya marehemu akiimba peke yake, bila chombo. Wiki nzima walikuwa wakijaribu kuitilia ngoma na kinanda, wakawa wanapotea. Jumatatu mwenye studio angeufuta arekodie wengine.

"Mnahesabuje?" Frasco akauliza.

"Moja mpaka tano."

"Zote sawa?"

"Sasa je?"

Wimbo ule una mapigo matano, na mawili kati yake huvutwa. Quino alikuwa ameyakata yote urefu mmoja kama churro, vile vijiti vya unga vya kukaanga.

Mama yao, Remedios, alisikia yote akiwa jikoni. Hakutoka. "Ukienda," alisema, "usije ukanisimulia."

Frasco akaenda. Gitaa aliliacha chini ya kitanda. Alijiambia kwamba viganja si chombo. Utepe ulipoanza kuzunguka akaanza kupiga makofi, Quino akamfuata, kinanda kikaingia nyuma. Mapigo yakakaa. Sauti ya mdogo wake ikajaa chumba kizima naye hakusikia lolote moyoni, akaogopa kidogo, kwa sababu mtu hawi hivyo.

Kabla ya ubeti wa mwisho sauti ikanyamaza. Frasco alijua kwa nini. Pale palikuwa pa gitaa, na gitaa lilikuwa lake. Siku ya kurekodi yeye alikuwa mji wa Utrera, akipiga kwenye ubatizo wa watu. Alituma salamu kwamba sehemu yake angeitia Jumanne. Jumatatu yake pikipiki ikamuua mdogo wake.

Mpiga kinanda alitaka kulijaza lile pengo, lakini Frasco akamzuia kwa mkono. Kimya kikaendelea. Mle ndani ya kimya, kwa sauti ya chini, ya mtu anayesikia kitu wenzake wasichokisikia, mdogo wake akasema:

"Hivyo hivyo, kaka. Nakufa mie."

Kisha akaimba ubeti wa mwisho.

"Nakufa mie" ni sifa ambayo Wagitano humpa mpiga gitaa aliyewakuna. Wiki nzima wenzake walikuwa wameyasikia maneno yale wakadhani anapasha koo.

"Nani ana gitaa?" Frasco akauliza.

Wakampa la ukutani. Utepe ukarudishwa. Vidole vyake vilikuwa vimelainika kwa miezi minne bila kazi, na pengo lilipofika alipiga vibaya: noti mbili zikamponyoka, ya tatu ikaja imechelewa. Mwanafunzi angeona haya.

"Hivyo hivyo, kaka," mdogo wake akamwambia. "Nakufa mie."

Frasco akainamia gitaa la watu akalia kwa sauti, kilio cha miezi minne kwa mara moja, hata ubeti wa mwisho haukusikika. Kilio kilipopungua, Quino akamwambia taratibu kwamba wairudie sehemu ile, noti zile zingerekebishika.

"Usiguse," Frasco akasema. "Ameshasifu."